Alama Haitoki Hewani

Matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka kila mwaka, kauli moja hurudiwa na wazazi, wabunge, watangazaji na hata wahadhiri: mtihani haudanganyi. Mwenye alama ameonyesha uwezo wake, asiye nazo atafute njia nyingine ya maisha. Chuo kikuu ni cha waliofaulu, na kufaulu kunaonekana kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba anayeihoji hudhaniwa anatetea uzembe. Mimi naihoji kwa sababu imewafungia mlango vijana wengi wenye akili, na inaendelea kuwafungia. Kibaya zaidi, waliofungiwa wamefundishwa kuamini kwamba walistahili.

Niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoieleza, kwa nguvu yake yote. Nchi yetu, wanasema, ina undugu mwingi, na nafasi nyingi hupatikana kwa kujuana. Mtihani wa Taifa ni moja ya sehemu chache ambako kujuana hakusaidii. Mtahiniwa anaandika namba, haandiki jina. Msahihishaji hajui kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa waziri au ya mtoto wa mvuvi wa Ukerewe. Swali ni lilelile Masasi na Masaki, na muda ni uleule. Wakulima wengi wameona watoto wao wakiwa madaktari na majaji kwa njia hiyo, na hakukuwa na nyingine. Ukipunguza uzito wa mtihani utaweka nini badala yake, barua ya diwani? Usaili mbele ya mkuu wa kitivo aliyesoma na mjomba wa mwombaji? Siku hizi wanaongeza na mfano wa Marekani: MIT, chuo kikubwa cha teknolojia kule Massachusetts, kiliacha kudai alama za mtihani wa SAT wakati wa korona, kisha kikazirejesha mwaka 2022 kikieleza kwamba zinakisaidia kuwatambua vijana wenye uwezo waliotoka shule zisizo na masomo ya juu.

Hoja hizi si za kudharauliwa. Ila kila moja imeegemea jambo ambalo wasemaji hawalichunguzi.

1. Kwamba kipimo ni kimoja

Anayesema mtihani ni mizani ana wajibu wa kuonyesha kwamba mawe ya mizani hiyo hayabadilishwi. Ya kwetu yamebadilishwa mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, na takribani asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata divisheni sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikatangaza kwamba matokeo yale yamefutwa na madaraja yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08. Hakuna mtahiniwa aliyerudi darasani, wala aliyeandika jibu jipya. Zaidi ya vijana 30,000 waliokwisha kuambiwa wameshindwa wakaambiwa wamefaulu, kwa majibu yaleyale, kwa uamuzi uliofanyika mezani. Katikati ya Februari na Mei wapo waliokwisha kuozwa, waliokwisha kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na waliopigwa na baba zao kwa aibu. Hao hakuna tume iliyowarudishia chochote.

Baada ya hapo yakaja madaraja mapya yenye B+, kisha divisheni zikaondolewa ukaingia wastani wa GPA, kisha Januari 2016 Waziri Joyce Ndalichako akazirudisha divisheni. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, umehifadhi historia hiyo kwa uaminifu. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka 2014 au 2015, D ina pointi 1, hivyo alihitaji C mbili. Kwa aliyemaliza 2016 na kuendelea, D ina pointi 2, hivyo D mbili zinamtosha. Nitaambiwa kwamba herufi zilihama kwa sababu mipaka ya alama nayo ilihamishwa. Ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo ulipo ubishi wangu. Mpaka kati ya aliyefaulu na aliyeshindwa huwekwa na watu waliokaa kikaoni, wakiwa na sababu za kitaalamu na za kisiasa, na wanaweza kuusogeza. Mpaka wa namna hiyo unafaa kuendeshea shughuli za udahili. Haufai kumwambia binadamu yeye ni nani.

Majirani zetu Wakenya wamelipata somo hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i alipokaza usimamizi na kuziba mianya ya wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141. Watoto wa Kenya hawakupoteza akili ndani ya miezi 12. Ina maana kwamba kwa miaka kadhaa nafasi za udaktari na uhandisi ziligawiwa kwa alama ambazo sehemu yake ilipimwa na uzembe wa wasimamizi, na kijana mwaminifu aliyepata B+ katika miaka hiyo alizikosa akijiona hafai.

2. Kwamba kinachopimwa ni somo

Hapa ndipo penye dhuluma kubwa, na ndipo tunapopita haraka kuliko kote.

Mtoto wa Kitanzania katika shule ya msingi ya serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza, Fizikia, Kemia na Jiografia vyote vinageuka Kiingereza. Mwalimu anayemhurumia hueleza kwa Kiswahili, kisha anaandika ubaoni kwa Kiingereza, naye mtoto ananakili asichokielewa ili akikariri. Miaka sita baadaye anakaa chumba cha mtihani na kutakiwa aeleze kwa insha, kwa Kiingereza, jinsi maji yanavyopanda kutoka mizizi hadi majani. Jambo lenyewe analijua. Muulize kwa lugha yake, atakueleza na kukuchorea. Kwenye karatasi ya majibu anaacha mistari mitatu iliyovunjika. Msahihishaji anafuata mwongozo wake, na alama inayotoka inasomeka kwamba kijana huyu hajui Biolojia.

Hili si jambo geni. Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari, serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba takribani mmoja kati ya kumi wa Kidato cha Nne ndiye aliyekuwa amefikia kiwango cha kuanza kufundishwa masomo kwa lugha hiyo. Kuanza, ilhali ndio walikuwa wanamaliza. Wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Martha Qorro na Casmir Rubagumya, wamelieleza tatizo hili kwa makala na vitabu mwaka baada ya mwaka. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Karatasi za mitihani ya Fizikia na Kemia zimebaki na lugha ileile ya zamani.

Kwa hiyo tunapotangaza kwamba fulani amepata A ya Kemia na fulani amepata E, tunatangaza vitu viwili vilivyochanganywa ambavyo hakuna anayeweza kuvitenganisha: Kemia ya mtoto, na idadi ya miaka ambayo mzazi wake aliweza kulipia shule ya Inglishi midiamu. Aliyeanza kusikia Kiingereza chekechea amepata faida katika kila somo, hata yale asiyoyapenda. Aliyekutana nacho Kidato cha Kwanza amekatwa alama katika kila somo, hata lile analoliweza kuliko mwalimu wake.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia chuo kikuu, basi ni haki kipimwe mapema. Kama kinahitajika, kipimwe kwa karatasi yake, alama yake isomeke peke yake, na anayepungukiwa afundishwe katika muhula wa kwanza. Kukificha ndani ya Fizikia ni kumwadhibu mtu mara sita kwa kosa moja, tena kosa ambalo serikali ndiyo iliyompangia.

Tena gharama haiishii kwa walioachwa. Wanaopita mlango huo wanapita kwa kukariri, kwa sababu asiye na lugha ya kufikiria hana namna nyingine ila kumeza majibu ya kwenye pepa zilizopita na kuyatapika siku ya mtihani. Halafu wahadhiri walewale wanaotetea mchujo huu hulalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi wanadesa, hawaulizi maswali, hawawezi kujenga hoja ya ukurasa mmoja. Wanalalamikia sifa ambayo wao wenyewe wameichagua mlangoni.

3. Kwamba swali lilelile ni usawa

Kupitia MMES, mpango wa kuendeleza elimu ya sekondari, na hasa baada ya agizo la kila kata kuwa na sekondari yake, shule za sekondari ziliongezeka kutoka takribani 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Zilijengwa kwa nguvu za wananchi na nilifurahi kuona watoto waliokuwa wanaishia darasa la saba wakivaa sare za sekondari. Lakini nyingi zilifunguliwa kabla ya kuwa na walimu wa Hisabati, na kabla ya kuwa na maabara. Rais Jakaya Kikwete aliagiza maabara zijengwe katika kila shule ya kata, na mwaka 2014 wananchi walikuwa bado wanachangishwa fedha za kuzimalizia. Maana yake ni kwamba kwa karibu miaka kumi watoto walitahiniwa Kemia bila kuwahi kushika mrija wa maabara, kwa karatasi moja na wenzao wa Ilboru, Kibaha na Mzumbe.

Ongeza umbali. Shule ya kata isiyo na bweni inamlazimu binti wa kijiji cha jirani kupanga chumba mtaani, geto, ajipikie, ajilinde dhidi ya wanaume wanaomvizia, kisha asome kwa taa ya simu. Usiku huohuo mwenzake wa bweni la shule binafsi yuko darasani na mwalimu wa zamu. Wote wawili watapewa karatasi moja asubuhi ya mtihani, nasi tutaita hiyo haki.

Na shule zinazotajwa kuwa bora zimechuja kabla ya kufundisha. Zile za serikali za vipaji maalumu hupokea waliofanya vizuri zaidi darasa la saba. Nyingi za binafsi hufanyisha usaili wa kuingia, kisha huweka wastani wa shule, na mwanafunzi asiyeufikia anarudishwa kidato au wazazi wake wanaitwa na kushauriwa wamhamishe. Wizara imekemea tabia hiyo mara kadhaa. Haikomi, kwa kuwa jina la shule liko kwenye matokeo na ada iko kwenye jina la shule. Mtoto aliyeondolewa Kidato cha Tatu ili asiharibu takwimu hatokei kwenye matokeo ya shule hiyo. Yupo mahali fulani anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma tuisheni jioni baada ya kushinda dukani.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini kama tumekubali kwamba si haki kuzipanga shule zilizo katika mazingira tofauti kwa orodha moja, kwa nini tunaendelea kuwapanga watoto wa shule hizohizo kwa orodha moja wanapoomba kusomea udaktari Muhimbili?

4. Kwamba asiye na alama hana uwezo

Mfumo wenyewe hauliamini jambo hili. Mwongozo wa TCU unaruhusu waombaji wenye sifa linganishi, yaani waliopitia stashahada. Kijana ambaye hakwenda Kidato cha Sita akasoma stashahada ya utabibu, akatibu watu wilayani, anaweza kuingia shahada ya udaktari na kuketi na wale wa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) waliotoka moja kwa moja shuleni. Wapo wengi, na leo tunawaita daktari bila kuuliza walipata nini Kidato cha Nne. Kama mtihani ule ungekuwa unaonyesha kikomo cha akili ya mtu, hao wasingekuwepo.

Pamoja na hayo, angalia tulivyo wepesi wa kudhalilisha. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma walipewa saa chache kuondoka chuoni. Serikali ndiyo iliyobuni programu hiyo kwa ajili ya uhaba wa walimu wa Fizikia na Hisabati, serikali ndiyo iliyowaita na kuwapa mikopo. Walipofukuzwa, Rais John Magufuli aliwaita vilaza mbele ya taifa zima. Sehemu kubwa yao baadaye ilipelekwa vyuo vya ualimu kuendelea na mafunzo, maana walimu wa sayansi walikuwa bado wanahitajika. Walirudishwa darasani, neno lile halikufutwa. Kijana wa miaka 19 anayetajwa hivyo na mkuu wa nchi, kwa sababu ya alama na kwa kosa la waliompangia, anaubeba mzigo huo ndani ya kila darasa atakalokuja kufundisha.

5. Kwamba bila mtihani tutarudi kwenye upendeleo

Hii ndiyo hoja yao nzito, nami naiogopa kama wao. Tuna historia yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kuingia chuo kikuu kusitegemee mtihani peke yake. Mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi angalau miaka miwili baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, na awe na mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Nia ilitokana na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambamo Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonya juu ya kuutukuza mtihani. Kilichotokea ni kwamba barua ya tabia njema iliwekwa mikononi mwa viongozi wa chama na wakuu wa kazi, na idadi ya wasichana wanaoingia chuoni ikaporomoka hadi sharti likalegezwa kwao. Baadaye likaachwa kabisa.

Siombi kurudi huko. Ila tusome historia hiyo hadi mwisho. Musoma ilishindwa kwa sababu ilimpa mtu mmoja mwenye cheo uwezo wa kusema ndiyo au hapana bila kuonyesha kwa nini. Hiyo ni hoja dhidi ya siri. Haiwi hoja ya kumsoma kila mtu kwa namba moja. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapokea wasichana wa sayansi waliopungukiwa kidogo, kikawapa mafunzo ya awali kabla ya kuanza mwaka wa kwanza. Vigezo vilikuwa wazi, na hapakuhitajika barua ya diwani.

Nao wanaotaja MIT wamesikia nusu ya habari. Chuo kile kilieleza vilevile kwamba kinaisoma alama ndani ya mazingira ya mwombaji: shule gani, masomo gani yalifundishwa hapo, wenzake walifanyaje. Alama ya chini kidogo kutoka shule duni inaweza kumweleza msomaji mambo makubwa kuliko alama ya juu kutoka shule tajiri. Kwetu kompyuta inapanga waombaji kuanzia pointi za juu hadi za chini, na nafasi zikijaa, mlango unafungwa.

Sasa utauliza TCU na vyuo wafanyeje. Taarifa wanazo tayari. Namba ya mtihani ya kila mwanafunzi wa sekondari inaanza na namba ya shule: herufi S na tarakimu nne, ndipo ifuate namba ya mtahiniwa. Wa kujitegemea wana P. Baraza la Mitihani huchapisha matokeo ya kila kituo, hivyo nafasi ya mtahiniwa kati ya wenzake wa shule moja inahesabika kwa dakika chache, bila usaili, bila barua, bila kumjua mjomba wa mtu. Chuo kikitaka kinaweza kutenga sehemu ya nafasi za kila programu, zikiwemo udaktari, uhandisi na sheria, kwa waliofanya vizuri zaidi katika shule yao miongoni mwa waliofikia sifa ya chini, kisha kikatangaza hesabu zake hadharani ili kila mzazi azikague.

Nitaambiwa wazazi wenye fedha watawahamishia watoto wao shule za pembezoni ili wapate nafasi hizo. Wahamie. Siku mtoto wa mkurugenzi atakaposoma katika shule ya kata isiyo na mwalimu wa Fizikia, mwalimu huyo atapatikana kabla ya muhula kwisha.